Kamera ya Nyeusi na Nyeupe katika Ilmu ya Falaki: Namna ya Kuichagua na Mpaka wa Ushahidi Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, kila inapokaribia Ramadhani huenea katika simu picha za hilali nyembamba mno, nyingine zimepigwa mchana jua likiwa juu. Waumini humwendea imamu wao na kumuuliza: "Sheikh, si huu hapa mwezi? Mbona tunaambiwa haujaonekana?" Wanavyuoni wetu wana kanuni mashuhuri kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Basi anayetaka kujibu swali hilo kwa haki hana budi kwanza akijue chombo kilichopiga picha hiyo: kinapokeaje nuru, kinachaguliwa kwa vigezo gani, na picha yake inatengenezwaje mpaka ikafika kwenye simu.

Chombo chenyewe ni kamera ndogo ya nyeusi na nyeupe, ile ile inayotumiwa kupiga picha za sayari kama Mushtari, Zohali, Mirihi na Zuhura. Makala hii inakusudia kumsaidia mwanafunzi wa falaki, au kamati ya msikiti, inayofikiria kununua kamera hiyo. Kisha itaeleza ni wapi ushahidi wake unaishia.

ATHARI ZA WALIOTUTANGULIA

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Ibnul-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Misri katika karne ya 5 Hijria, alibainisha kwamba jicho huona kwa nuru inayoingia ndani yake. Katika risala yake juu ya sura ya kupatwa kwa jua alichunguza jinsi nuru ya jua lililobaki kama hilali inavyopita kwenye tundu na kuchora umbo lake ukutani. Akaona kwamba umbo la hilali hubaki pale tundu linapokuwa dogo, na linapopanuliwa umbo hilo hupotea na kuwa duara. Yaani, picha ni matokeo ya vitu viwili kwa pamoja, kile kinachopigwa na chombo kinachokipiga. Somo hili tutalirejea.

Naye Ibn Shatir (aliyefariki mwaka 1375) alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, kazi yake ikiwa kuhifadhi nyakati za swala kwa vyombo na hesabu. Msikiti kuwa na mtu anayezijua nyota na vyombo vyake ni mila ya zamani katika Uislamu.

NINI MAANA YA KAMERA YA NYEUSI NA NYEUPE

Ndani ya kila kamera ya kisasa mna kipande kidogo kiitwacho sensa. Juu yake zimepangwa chembe nyingi ziitwazo pikseli, na kila pikseli hukusanya nuru. Tuchukue mfano wa mitungi iliyopangwa uani wakati wa mvua. Kila mtungi hupokea maji yanayoangukia mdomo wake, na mvua ikikatika tunapima kila mmoja umepata kiasi gani. Sensa nayo hupima kiasi cha nuru tu. Yenyewe haijui rangi.

Kamera ya rangi, kama ile iliyomo kwenye simu, imefunikiwa filta ndogo juu ya kila pikseli. Mpangilio uliozoeleka ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili zina filta ya kijani, moja nyekundu na moja buluu. Kwa hiyo kila pikseli hupokea takriban theluthi ya nuru iliyoifikia, na rangi mbili zilizokosekana hukisiwa na kompyuta kwa kutazama pikseli jirani.

Kamera ya nyeusi na nyeupe haina filta hizo. Kila mtungi uko wazi, na kila pikseli inapokea nuru yote na kutoa kipimo chake halisi bila kukisia. Mpigaji akitaka rangi huweka mbele ya kamera filta nyekundu, kisha ya kijani, kisha ya buluu, akapiga mara tatu na kuziunganisha. Ni kazi zaidi na gharama zaidi, lakini kila pikseli ya sensa imeshiriki katika kila rangi.

Tusimdanganye msomaji: kamera za rangi za miaka ya karibuni ni nzuri sana, na anayeanza akitaka picha ya rangi ya Mushtari kwa wepesi atafaidika nayo. Kamera ya nyeusi na nyeupe humfaa anayetaka kupima, anayetaka kutumia nuru zisizoonekana kwa jicho, na anayeushughulikia mwezi, ambao rangi yake ni hafifu mno.

MAMBO YA KUANGALIWA KATIKA KUCHAGUA

Kwanza: Ukubwa wa pikseli. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosea kwa kudhani kamera yenye pikseli nyingi ndiyo bora. Pikseli lazima ioane na darubini. Watu wa fani hii huchukua ukubwa wa pikseli kwa mikromita (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakauzidisha kwa 5. Jibu ndilo uwiano wa fokasi unaofaa, yaani urefu wa fokasi ya darubini ukigawanywa kwa upana wa kioo chake. Sensa ya Sony IMX290 ina pikseli ya mikromita 2.9, nayo hutaka uwiano wa karibu 14.5. Sensa ya IMX174 ina pikseli ya mikromita 5.86, nayo hutaka karibu 29.

Mwenye darubini ya upana wa milimita 200 na fokasi ya milimita 2,000 ana uwiano wa 10. Kwa sensa ya kwanza atahitaji lenzi ya Barlow ya kukuza mara moja na nusu tu. Kwa sensa ya pili atahitaji ya mara tatu. Akiiacha sensa ya pili bila lenzi ya kukuza, kila pikseli itabeba sekunde 0.6 za daraja (daraja moja ni dakika 60, na dakika ni sekunde 60). Mushtari, ambayo ikiwa karibu nasi huwa na upana wa sekunde 45 hivi, itachukua pikseli 75 tu, na mikanda yake midogo itapotea.

Pili: Kasi. Hewa inayotuzunguka hutikisika kama maji ya kisima, na sayari hucheza ndani yake. Dawa yake ni kupiga fremu nyingi fupi, mamia kwa sekunde ikiwezekana, ili zipatikane zile chache ambazo hewa ilitulia. Aidha sayari zenyewe hazisubiri. Mushtari hujizungusha kwa muda wa chini kidogo ya saa 10, hivyo alama iliyo katikati ya uso wake husogea takriban sekunde 0.24 za daraja kila dakika. Darubini ya milimita 200 uwezo wake wa kutenganisha ni sekunde 0.58 hivi. Maana yake, baada ya dakika mbili na nusu picha huanza kukwaruzika. Anayetumia filta tatu anatakiwa azimalize zote ndani ya muda huo, au baadaye atumie programu kama WinJUPOS inayorudisha nyuma mzunguko wa sayari. Kwa sababu hii kamera iwe na waya wa USB 3.0, na kompyuta iwe na diski ya kasi. Fremu kamili ya IMX290 ni karibu megabaiti 2, na kwa fremu 100 kila sekunde, dakika moja hujaza zaidi ya gigabaiti 12. Ikikatwa kubaki eneo dogo la sayari tu, hushuka hadi gigabaiti 2 au chini yake.

Tatu: Kina cha pikseli. Mtungi mfupi hufurika haraka, na uliofurika haupimi tena. Katika kamera zilizojengwa kwa sensa hizi mbili, pikseli ya IMX290 hubeba takriban elektroni 14,600 kabla ya kufurika, na ya IMX174 takriban 32,000. Kwa sayari usiku jambo hili si kubwa, kwani fremu ni fupi na mara chache mtungi hujaa. Lakini kwa hilali ya mchana ndilo jambo lenyewe. Huko anga lote linang'aa, na hilali ni tofauti ndogo tu juu ya mng'aro huo. Kadiri mtungi ulivyo mkubwa ndivyo tofauti ndogo inavyopimika.

Nne: Ukubwa wa sensa. Sayari ni ndogo, sensa ndogo huitosha. Mwezi una upana wa karibu nusu daraja. Kwenye darubini ya fokasi ya milimita 500, IMX174 yenye upana wa milimita 11.3 huona daraja 1.3 za anga, na mwezi wote huingia. IMX290 yenye milimita 5.6 kwa 3.2 huona daraja 0.64 kwa 0.36, na mwezi hauenei.

Tano: Namna ya kufunga dirisha. Sensa nyingi husoma mistari mmoja baada ya mwingine, hivyo hewa ikitikisika umbo huweza kupinda. IMX174 hufunga pikseli zote kwa mara moja. Kwa anayepima umbo na mahali, hiyo ni faida.

Kwa muhtasari: anayekusudia sayari achague pikseli ndogo na kasi, na anayekusudia mwezi na hilali achague sensa pana yenye pikseli yenye kina. Hakuna kamera moja iliyo bora kwa kila jambo, na fundi hununua chombo kulingana na kazi.

FILTA, NA NURU ISIYOONEKANA

Kwa kuwa pikseli zake ziko wazi, kamera hii huona hata nuru ambayo jicho la mwanadamu halikupewa kuiona. Nuru ya infraredi, iliyo ng'ambo ya nyekundu, haisumbuliwi sana na mtikisiko wa hewa, na anga la mchana ndani yake ni jeusi zaidi kuliko katika buluu. Ndiyo maana wapiga hilali ya mchana huitumia. Ultravayoleti hudhihirisha mawingu ya Zuhura ambayo kwa jicho ni weupe mtupu. Na katika nuru ya nanomita 889, ambayo gesi ya methani huifyonza, Mushtari huwa na giza isipokuwa mawingu yake ya juu kabisa, na Doa Jekundu Kuu hung'aa.

MAHALI PETU

Watu wa Afrika Mashariki wamejaaliwa neema ambayo wengi hawaifikirii. Njia ya sayari angani hupita juu ya vichwa vyao. Mtu aliye Dar es Salaam, kwenye latitudo ya karibu 7 kusini, akiitazama Mushtari inapovuka kilele chake haitakuwa chini ya daraja 60 hivi kutoka upeo wa macho. Aliye London, katika miaka ambayo Mushtari iko upande wa kusini wa njia yake, huiona kwenye daraja 15 tu, nuru ikipita katika hewa nene zaidi ya mara tatu. Mpiga picha Christopher Go, aliye Cebu nchini Ufilipino, latitudo ya karibu 10 kaskazini, ndiye aliyegundua mwezi Februari 2006 kwamba doa moja la Mushtari lililokuwa jeupe limegeuka jekundu. Hakuwa na chombo cha serikali. Alikuwa na darubini ya kawaida, mahali pazuri, na subira.

PICHA MOJA NDANI YA MAELFU

Hapa ndipo penye nukta ya kuzingatiwa zaidi. Picha ya sayari unayoiona imepambwa gazetini si tukio la mara moja. Mpigaji amekusanya fremu elfu kadhaa, na programu kama AutoStakkert ikazipima moja moja, ikaziacha zilizoharibiwa na hewa, ikazipanga zilizosalia na kuzifanya wastani. Kisha wastani huo ukanolewa ili mistari midogo itokeze. Mwaka 1978 David Fried alieleza kwa hesabu uwezekano wa kupata fremu hizo chache zenye bahati.

Mwanafunzi wa hadithi ataona mfano wa karibu, ingawa utukufu haulingani: nyingi hukusanywa, sanadi hupimwa, dhaifu huwekwa kando, na zilizosalimika hupeana nguvu. Na kama ilivyo katika elimu hiyo, uadilifu wa mkusanyaji ni sharti. Anayenoa kupita kiasi huzaa pete na mistari isiyokuwepo angani. Ukingo wa sayari hupata mstari wa pili, na hilali hupata pembe ndefu kuliko zilivyo. Mwenye amana huhifadhi fremu zake za asili, huandika saa, filta na kiasi cha unoaji, na huwa tayari mwingine azichambue upya.

JE, PICHA NI RU'YA?

Tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault, akiwa Élancourt karibu na Paris, alipiga picha ya hilali katika dakika ile ile ya mkutano wa jua na mwezi, saa 4 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Mwezi ulikuwa umbali wa daraja 4.4 tu kutoka juani. Alitumia infraredi, na ubao wenye tundu mbele ya darubini uliozuia jua lisiingie ndani. Umri wa hilali ile ulikuwa sifuri. Katika miaka ya 1930 André Danjon alikuwa amekadiria kwamba chini ya daraja 7 hivi hilali haionekani kwa macho.

Siku hiyo hiyo, katika nchi hiyo hiyo, Waislamu walikuwa katika mkanganyiko. Mwezi Mei mwaka huo baraza lao la kitaifa, CFCM, lilikuwa limeamua kutumia hesabu, na kwa hesabu hiyo Ramadhani ingeanza Jumanne 9 Julai. Ilipofika Jumatatu usiku ikatangazwa kuwa itaanza Jumatano 10 Julai. Kuna walioamka wamefunga, na kuna walioamka wakila. Fikiri, ndugu msomaji, kama katika usiku ule mtu angesimama na picha ile na kusema: mwezi umeonekana tangu asubuhi!

Mtume (s.a.w.) ameufungamanisha mwanzo wa saumu na kuonekana mwezi, na akaamrisha kukamilisha siku 30 pale unapozibwa. Juu ya vyombo, Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudi Arabia mwaka 1403 Hijria (1983) halikuona kizuizi cha kutumia darubini, na lilikubali mwezi ulioonwa kwa hakika kupitia darubini hata kama jicho tupu halikuuona. Nayo Taasisi ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman cha Oktoba 1986, iliamua kwamba tegemeo ni kuonekana, na hesabu na vituo vya kutazamia nyota hutumika kama msaada. Wapo pia wanavyuoni wanaoshikilia jicho tupu peke yake.

Ama picha, ni lazima kutofautisha hali tatu. Ya kwanza ni mtu kuweka jicho lake kwenye darubini baada ya magharibi. Huyu ameona kwa nuru iliyoingia jichoni mwake, na darubini imeikusanya tu. Ya pili ni kuutazama mwezi papo hapo kwenye kioo cha kompyuta, baada ya jua kuzama, ukiwa juu ya upeo. Hapa jicho limeona alama za vipimo, na wanavyuoni wana nafasi ya kulijadili. Ya tatu ni picha iliyounganishwa kutokana na fremu nyingi za infraredi, mchana, kwa kuondoa mng'aro wa anga unaouzidi wa hilali mara mamia. Hii hakuna aliyeiona angani, si kwa jicho wala kwa darubini. Ni kweli kwamba nuru ilitoka mwezini, lakini hilali ile imetolewa na hesabu kutoka katika nuru hiyo.

Kwa maoni ya mwandishi, kuiita hali hii ya tatu ru'ya ni kuleta hesabu ikiwa imevaa kanzu ya ru'ya. Anayetaka kutegemea hesabu atoe hoja zake za hesabu waziwazi, nao ni mjadala wenye watu wake. Ibn Taymiyya alikumbusha kwamba asili ya neno hilali ni kunyanyua sauti, yaani ni kile kilichodhihiri kwa watu wakapaza sauti kwa kukiona. Mwezi uliochomolewa katika maelfu ya fremu bado haujawadhihirikia watu.

Pamoja na hayo kamera ina manufaa makubwa katika kazi ya hilali. Huonesha mahali hasa pa kutazama baada ya magharibi, humfundisha mtazamaji pembe za hilali zimeelekea wapi, na humsaidia kadhi kuupima ushahidi: shahidi akisema pembe zilielekea chini na picha ikaonesha kinyume, kuna jambo la kuuliza. Huu ndio msaada ambao kikao cha Amman kilikusudia.

NASAHA KWA MNUNUZI

Atazame kwanza darubini aliyonayo, kisha kazi aliyoikusudia, ndipo achague pikseli. Atenge fedha za filta na diski, kwani kamera bila hivyo ni nusu ya chombo. Kama fedha ni za msikiti, manunuzi na sababu zake yaandikwe. Na asijaribu hilali ya mchana bila mwalimu na bila kizuizi madhubuti cha jua, kwa sababu jua likiingia kwenye darubini huunguza kamera mara moja, na jicho likipofuka halirudi. Asianze nalo, bali aanze na Mushtari usiku. Mikanda yake itamfundisha kulenga fokasi, kuhesabu pikseli na kuzuia mkono wake usinoe kupita kiasi. Akishajua jinsi picha inavyotengenezwa, waumini watakapomletea picha ya hilali kwenye simu, atajua la kuuliza kabla ya kujibu: ilipigwa saa ngapi, kwa nuru gani, na imeunganishwa kutokana na fremu ngapi?

Wallahu a'alam, wabillahi tawfiq.